Kitambaa cha Kisimani

Kaka Fintan,

Sisi huku wazima, na mvua ndiyo hiyo hiyo uliyoiacha. Mahujaji wamejaa hosteli, wamenimalizia mkate, na mmoja anakoroma hadi madirisha yanatikisika. Habari ya tajiri wako wa huko anayetaka kuinunua hosteli yetu nimeisoma.

Daktari amenikuta na uvimbe kwenye titi. Usianze kulia huko Boston. Siku ya upasuaji nimeshapangiwa. Basi nilichana shuka la hosteli, nikachovya kipande katika kisima cha Mtakatifu, hicho hicho wanachokijia mahujaji, nikakifunga kwenye mti wa pale, kioze taratibu na ugonjwa uondoke nacho, kama Mama alivyotufundisha.

Jirani yetu Nuala akakishika, akaangua kicheko. "We Attracta, una akili kweli? Si nailoni hii? Haiozi hata Yesu akirudi!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikakifungua, nikachana foronya ya pamba ya Mama, nikafunga kipande chake badala yake. Kimeshaanza kuchakaa.

Kwa hiyo nyumba siuzi; kitakapooza nataka niwepo hapa. Tajiri wako akija, kitanda cha juu kipo, jirani na mkoromaji. Alipe kama wengine, na asubuhi aondoke.

Dada yako asiyehama,
Attracta