Nywele za Mwanamuke wa Luhwindja

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Nguba tuko wazima, na maman yako amepona malaria. Unauliza sababu gani niliacha kushauri watu mu parokia, nikaenda kuuguza wagonjwa wa akili.

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Waliniletea mwanamuke kutoka Luhwindja aliyeacha kusema na kula. Kisa chake nakiacha. Nilimushauri asubuhi yote, yeye anatazama ukuta tu. Nilipoishiwa maneno, nikavuta kiti nyuma yake, nikaanza kumusuka nywele, kama tunavyofanyiana nyumbani.

"Citoyenne, unavuta sana," akasema, akiniita vile kila mwanamuke alivyoitwa wakati ule.

Nikalegeza mikono. Baadaye akaomba bugali.

Mwaka ule niliingia shule ya wauguzi. Hata leo, mutu akininyamazia, natafuta kwanza chanuo.

Koko wako