Shimo Namba Saba

Rufunzo, 14 Julai 2022

Mdogo wangu Castory,

Tumsifu Yesu Kristo. Wifi Dainess hajambo? Watoto je? Sisi huku wazima, ukiondoa goti langu, ambalo sasa linatabiri mvua kuliko redio. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu hapa kijijini inakamata mtandao wa Burundi. Ukisema haloo tu, salio limeshavuka mpaka. Kupata mtandao wetu hadi upande mlimani, na goti ndilo hilo. Barua hii nampa Nehemia wa boti, akifika Kigoma aipakie basi la Tabora.

Sasa sikia. Tumepata kiwanja! Tangu ziwa lipande na kumeza nyumba yetu mwaka juzi tumekaa kwa mama mkwe Scola kama mizigo iliyokosa mwenyewe. Juzi mwenyekiti ametugawia kaya kumi viwanja huku Rufunzo, kwenye ule uwanda wa mchanga kati ya mlima na ziwa. Bwana mmoja alikuja na ramani ya udongo ya mwaka 2009, akaisoma mkutanoni: "Mchanga, tambarare, unapitisha maji vizuri, unafaa kwa makazi na michikichi." Kumbe chini yake kuna jina lako! Nikapiga kigelegele hadi mwenyekiti akadondosha kofia.

Mume wangu Leonardi haambiliki kwa furaha. Anasema mchanga huu unachimbika kama unakula ugali. Anataka choo cha futi kumi na tano kabla ya mvua. Wewe mtaalamu, tuelekeze: tuchimbe wapi, kina gani, tupande nini?

Dada yako,
Eufrasia

*

Tabora, 3 Agosti 2022

Dada Eufrasia,

Milele amina, na shikamoo. Tuko wazima. Dainess anakusalimu, anasema nimenenepa hadi kiti cha ofisini kimeanza kuomba uhamisho. Watoto wapo, wanakula.

Kwa hiyo mmepewa ramani yangu? Maskini nyie. Ngoja nikwambie ilivyopatikana, ila usimwambie mwenyekiti, ataokota kofia aidondoshe tena. Tulitakiwa kuchimba mashimo saba ya kukagua udongo, kila moja mahali palipowekewa alama. Tulibakiwa na namba saba siku ya mwisho, na boti la Kigoma linaondoka saa tisa. Alama yenyewe ikaangukia katikati ya uwanda, hatua mia mbili ndani ya matete. Wakati huohuo mama mkwe wako Scola anatukaangia migebuka, samaki wabichi wa ziwani, harufu inakuja na upepo. Mwenzangu Oswald akasema, "Castory, mle kuna nyoka." Nikamjibu, "Oswald, kule kuna migebuka." Basi tukachimba pale juu kando ya njia, pakavu, pazuri, tukajaza fomu hata mafuta hayajakauka vidoleni. Uwanda mzima ukaandikwa kwa shimo lile. Ndiyo sayansi ya mdogo wako hiyo, imekaangwa.

Kuhusu choo, mwambie shemeji asichimbe kupita kiuno. Mchanga ule una tabia ya kumkumbatia mtu, na kwa tumbo lile akinasa itabidi tukodi winchi ya bandarini. Anisubiri nije niwasimamie, nikiwa nimekaa kivulini kama bosi. Michikichi nayo msiiharakie.

Msalimie mama Scola. Mwambie hadi leo sijala mgebuka kama ule.

Mdogo wako,
Castory

*

Rufunzo, 24 Agosti 2022

Mdogo wangu Castory,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo, na tumecheka mpaka mbavu zimeuma. Barua yako nimeisoma nje jioni, majirani wote wamekaa, ila ya shimo namba saba nimeiruka kama ulivyotaka. Leonardi kasema, "Mwambie huyo kiuno chake mwenyewe kilipotea zamani, apime kwa cha nani?" Bibi Yunisi, jirani yetu, amecheka hadi akatoa machozi. Wewe na mizaha yako, hata wakati wa kipaimara askofu alikufukuza mstarini.

Choo kimefika futi kumi. Kuta zimesimama, chini pakavu. Kaya nne nyingine nazo zimeanza, wanasema wakimwona Leonardi wanaona aibu kukaa.

Ila nina swali. Ukipita usawa wa goti mchanga unabadilika. Juu ni mweusi kidogo, chini unakuwa wa kijivu kama jivu lililoloa, na ndani yake kuna mabaka ya kahawia na machungwa, kama kutu ya bati kuukuu. Unanuka kidogo, kama yai viza. Bibi Yunisi anasema wazee wake walilima huku kiangazi tu, mvua ikianza wanarudi mlimani. Leonardi anasema ni maneno ya kizee. Mimi sijui. Wewe umesomea rangi za udongo. Tulikucheka ulipotuonyesha kile kitabu chenye rangi kama vitenge vya dukani. Mabaka hayo ni nini? Hili moja nijibu bila utani.

Dada yako,
Eufrasia

*

Tabora, 16 Oktoba 2022

Dada Eufrasia,

Milele amina, shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Kwanza malaria, halafu wageni wa ofisi, halafu, nikiri, uvivu, ule ugonjwa wangu wa kurithi ambao kwenye ukoo wetu umenipata mimi peke yangu.

Mabaka hayo hutokea. Udongo nao huzeeka, unatoka madoa kama uso wangu. Kwa kiangazi si ya kuogopesha. Nimepanga kuja Desemba nione kwa macho yangu, basi shemeji apumzishe mgongo hadi hapo, asije akavumbua mafuta serikali ikatuhamisha wote. Mkiweza, kwa sasa tumieni choo cha mama Scola. Mwambieni ni agizo la mtaalamu mwenye tumbo.

Nimekosa maneno leo. Dainess ananiita kula, na unajua mimi na wito huo.

Mdogo wako,
Castory

*

Rufunzo, 11 Desemba 2022

Mdogo wangu Castory,

Tumsifu Yesu Kristo. Asante kwa kuja kutuzikia. Najua safari ya basi na boti kwa mwili wako si mchezo. Watu bado wanakutaja, wanasema shemeji wa marehemu aliwachekesha msibani hadi wakasahau njaa. Wanaume walikuhitaji. Sikulaumu kwa hilo.

Lakini siku tatu ulizokaa hukuniuliza ilikuwaje, basi nakuandikia. Barua yako ya Oktoba ilifika, Leonardi akaisoma mwenyewe, akacheka kuhusu mafuta, akaendelea. Tulikuwa futi kumi na nne. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Jumanne, tarehe kumi na tano Novemba. Alhamisi asubuhi akaona maji yameingia chini, yanafika magotini. Akasema yanatoka juu, yakombwe kabla hayajaharibu kazi. Akashuka na ndoo. Mimi navuta kamba juu. Ndoo ya sita nimeimwaga, nikageuka kuirudisha, nikaona ukuta wa upande wa ziwa haupo. Haukuanguka kwa kishindo, Castory. Ulishuka tu, kama uji unavyomiminwa. Aliniita mara moja. Watu walikuja na majembe lakini kila walichotoa kilirudi. Tulimtoa kwa mikono saa kumi jioni.

Kaya nne zina mashimo yanayompita mtu urefu. Wengine wanasema Leonardi karogwa, wengine wanasema ni saa yake ilifika. Wanataka kumalizia, maana ardhi ni nzuri, ramani imesema. Wanakutaja wewe kwa jina.

Na kila aliyekuja msibani alikwenda kulitazama lile shimo, hata padri. Wewe peke yako hukwenda. Ulipita kwa nyuma, mbali nalo.

Kwa nini?

Dada yako,
Eufrasia

*

Tabora, 27 Desemba 2022

Dada yangu,

Shikamoo. Sitauliza habari za huko, nazijua.

Sikwenda kuliona shimo kwa sababu nilijua lina nini. Nilijua tangu barua yako ya Agosti, siku ileile niliyoifungua, nimesimama stendi ya basi.

Mchanga wenyewe unapitisha maji upesi, hilo halikuwa uongo. Ila pale hauna pa kuyapeleka. Mlima unamwaga kutoka juu, ziwa limeziba chini, na maji yanapanda ndani ya ardhi kama yanavyopanda kwenye kitambaa ulichokichovya ncha. Yakikaa miezi, mchanga unapoteza rangi yake unakuwa kijivu, na ile harufu uliyoisikia. Yakishuka, hewa inapita kwenye njia za mizizi na kuacha kutu. Mabaka yale ndiyo alama ya mahali maji yanapofika, kama mstari wa uchafu ndani ya beseni. Hata kiangazi, maji yasipokuwepo, alama ipo. Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni anaijua. Na mchanga wa namna hiyo ukishiba maji hausimamishi kuta.

Ningechimba penye alama mwaka ule, fomu ingesema hivi: mchanga wa uwanda wa ziwa, unaojaa maji chini, haufai kwa makazi, vyoo vya shimo wala michikichi. Ni maneno machache tu. Niliyahamisha hatua mia mbili.

Utauliza kwa nini sikusema Agosti. Simu ninayo mfukoni. Ningempata mwenyekiti siku anapopanda mlimani. Lakini simu ingenilazimu niseme, na barua iliniruhusu nichekeshe. Nilijiambia nimeshaonya: si nimesema kiuno? Nilijua mtacheka. Maisha yangu yote nimejicheka kabla watu hawajanicheka, nikagundua kwamba mtu wa namna hiyo haulizwi maswali. Ramani ile ndiyo kazi pekee yenye jina langu. Niliogopa wafungue faili, wanione.

Hata kaburini nilisimama juu ya kifusi nikaiona rangi ileile, nikamgeukia jirani nikamsimulia kisa cha askofu.

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine, ya mwenyekiti, yenye sahihi yangu. Inasema ramani si ya kweli na kosa ni langu. Nakala nimeipeleka ofisini kwangu kwa mkono. Mkuu wangu amekataa kuipiga muhuri mpaka wakae kikao. Nimeituma bila muhuri. Mashimo yafukiwe yote, sasa hivi, kwa kusukumia mchanga kutoka juu. Mtu asishuke hata kwa kuchukua jembe lililosahaulika.

Sikuombi unisamehe.

Mdogo wako,
Castory

*

Rufunzo, 29 Januari 2023

Castory,

Karatasi nilimkabidhi mwenyekiti. Aliisoma mara mbili, akauliza kama huu nao ni mzaha wako. Nikamwambia hapana. Mashimo manne yamefukiwa, na letu. Kaya sita zimesharudi kwa ndugu zao mlimani, tatu zinasubiri kuonyeshwa mahali. Vijana wawili walitaka kupanda basi waje Tabora na mapanga. Mwenyekiti amewatuliza. Sijui kama ningewazuia.

Mama Scola amesikia habari ya siku ile, maana barua yako ya kwanza safari hii nimeisoma yote mbele za watu, bila kuruka. Akanifuata jikoni, akaniuliza kama ni kweli mwanawe amekufa kwa ajili ya samaki wake. Nikamwambia hapana mama, ni maneno ya Castory tu, unamjua. Huo uongo wangu wa kwanza kwa mama huyu tangu niolewe, na nimeusema kwa ajili yako, ingawa sikutaka.

Usije kwenye misa yake ya mwaka.

Jambo moja. Leonardi tulimzika kiwanjani kwetu, futi tano kwenda chini, palikuwa pakavu. Juzi nimeenda kupalilia, nimechimbua jani moja la mzizi mrefu, na ule mzizi umetoka umelowa. Bibi Yunisi hataki kuniambia kitu. Padri anasema roho haiko pale. Hilo nalijua. Mimi nauliza habari ya mwili. Maji yatafika wapi?

Eufrasia

*

Tabora, 12 Februari 2023

Dada,

Barua yako nimeipata leo mchana. Nimempigia mwenyekiti mpaka nikampata, nimemwomba aje akusomee haya kabla karatasi haijafika.

Maji yatafika shibiri mbili chini ya uso wa ardhi. Yatapanda mwezi wa tatu, na yatakaa hadi katikati ya Juni. Mwaka wa mvua nyingi yatatoka nje. Yatamfunika Leonardi, kila mwaka. Kiangazi yatashuka, mengine yatabaki chini yake.

Mlimani nyuma ya nyumba ya mama Scola udongo ni mwekundu hadi chini kabisa, hauna doa hata moja. Pale ni pakavu mwaka mzima. Nilipima mwenyewe, na pale nilichimba palipotakiwa.

Mkitaka kumhamisha, ombeni kibali kesho, na kazi iishe kabla ya mwisho wa mwezi huu. Wachimbe kwa upana, kuta zilale, wasizisimamishe wima. Ikifika Machi msijaribu. Shimo halitasimama.

Mdogo wako,
Castory