Jumamosi ya Baba na Mimi

Shikamoo Bibi,

Tangu tuhamie huku Malindi, Baba ana masomo ya theolojia siku za shule, ibada Jumapili, na mazishi Jumamosi. Lakini jana, Jumamosi, alikuwa ameniahidi siku nzima, anifundishe kuelea.

Alinilaza baharini, mikono yake mgongoni mwangu. Mara akina mama wa kanisa lake la kijiji cha Ganda wakapita, wakaanza kuimba. Mmoja akavua kandambili, akaingia majini.

“Mchungaji, mbona hukututangazia ubatizo?”

“Mama, namfundisha mtoto kuogelea.”

“Haya. Ukimaliza naye, mimi ndiye wa pili.”

Baba alimweleza sana, kwa mikono. Yote miwili, Bibi. Ndipo nikajua kwamba ninaelea.

Nitakuonyesha tukirudi Dodoma, ukinitafutia maji ya kutosha.

Mjukuu wako akupendaye,
Eliana