Pedali za Kamukuywa

Jumamosi, 3 Mei 2025

Siku kumi na nane zimebaki. Mwalimu Gathii hakuzungusha maneno: nikianguka mtihani wa urubani mara ya pili, narudia mafunzo yote. Mara ya kwanza nilishindwa kutua. Upepo wa ubavuni ulipiga, miguu ikakauka kwenye pedali. Gathii ndiye aliyeishusha ndege, si mimi.

Basi chumba cha wageni hapa Matisi sasa ni chumba cha rubani cha mazoezi. Kiti cha gari kuukuu. Dashibodi ya plywood. Usukani mume wangu Bramwel ameuunda kwa mabomba ya maji na springi za pikipiki, na kwenye kompyuta unafanya kazi vizuri. Zimebaki pedali. Ni fundi wa kuchomelea, ana karakana Kamukuywa, sijaona chuma kilichomshinda. Ati nimpe wiki moja.

Alhamisi, 8 Mei

Pedali bado.

Kaka yangu Kiplangat amepiga simu kutoka Nairobi. Kuna mtu anauza pedali za kiwandani, anaweza kuzituma kesho. Nikamwambia Bramwel tukinywa chai. Akaweka kikombe chini polepole. Kwani yeye ameshindwa? Nikasema si kushindwa, ni siku zinaisha. Akasema hizo za kununua ni plastiki tupu, mguu utazoea uongo, halafu ndege ya kweli inisute.

Hapo amesema kweli. Gathii mwenyewe alisema pedali laini inafundisha mguu mlegevu.

Nimemwambia Kiplangat asitume.

Jumanne, 13 Mei

Nafanya mazoezi na matofali mawili. Nakanyaga tofali la kushoto, najifanya mkia wa ndege umegeuka. Binti yetu Linah ana miaka mitatu na hata yeye ananicheka.

Bramwel anasema bearing za pedali hazipatikani. Jana ilikuwa springi. Wiki jana stima. Alisimama mlangoni na chai yake, akanitazama, akaenda kazini.

Ijumaa, 16 Mei



Sellah, dada yake Bramwel, alileta maziwa. Akanikuta kitini, miguu juu ya matofali. "Mulamwa, wifi yangu, si zile pedali zako ziliisha kitambo? Hata mimi nilizijaribu."

Nikamwachia Linah, nikaenda Kamukuywa. Bramwel alikuwa ametoka kupima geti la mteja. Nyuma ya karakana, chini ya turubai — hizo hapo. Zimepakwa rangi nyeusi. Waya wa kompyuta tayari umeungwa. Nikakalia debe, nikakanyaga. Kushoto, kulia. Uzito ule ule wa ndege.

Zilikuwa na vumbi. Vumbi lile ndilo limenichoma.

Nimezibeba nyumbani. Sijamwachia ujumbe.

Jumamosi, 17 Mei

Bramwel hakukana.

"Ziliisha lini?"

"Pasaka."

Mwezi mzima! Nikamuuliza kama alitaka nianguke.  Akaanza kuongea akiangalia sakafu. Alikuwa darasa la tano. Baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba kubwa la mahindi, barabara ya kwenda Suam. Ndege ya kunyunyiza dawa ikaanguka mbele yao. Yeye na baba yake ndio waliofika kwanza. Rubani alikuwa bado anapumua.

Miaka sita ya ndoa, sijawahi kusikia hayo.

"Nikikupa hizo, utapita," akasema. "Ukipita, utakuwa huko juu kila siku. Halafu siku moja Linah ataniuliza mimi mama ako wapi. Nitamwambia nini, Mama Linah?"

Nilimhurumia. Kweli nilimhurumia. Lakini huyu huyu alinitazama nikikanyaga matofali akanywa chai yake. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia, kama aliogopa, angesema anaogopa. Mimi ningejua la kufanya na woga. La kufanya na uongo sijui.

Akachukua koti, akatoka.

Jumatatu, 19 Mei

Bramwel analala karakana. Sellah anasema hali chakula vizuri.

Leo nimetua mara thelathini na moja kwenye kompyuta. Tisa nimeanguka, zote asubuhi. Baada ya mchana hakuna. Miguu inasikia upepo kabla ya macho. Zingekuwa za fundi mbaya, ingekuwa rahisi: ningezitupa nje pamoja na hasira. Hizi zimetengenezwa na mtu aliyenijua mpaka urefu wa mguu.

Kiplangat ameuliza tena kuhusu zile za kununua. Nimekataa. Sikumweleza sababu.

Jumatano, 21 Mei

Saa tatu asubuhi. Uwanja wa ndege, Kitale. Naandikia gotini.

Nilidhani upepo utalala. Soksi ya upepo mlingotini imenyooka, upepo unatoka kushoto, ubavuni kabisa. Gathii ameitazama, akanitazama. Akasema tunaweza kuahirisha, hakuna aibu. Nikasema twende. Anaizunguka ndege, anakagua mabawa.

Bramwel amekuja. Sikumwita. Yuko nje ya ua na Linah mabegani, shati ni lile la Jumamosi. Nilipita karibu. "Nimemleta akuone," akasema. Nikamuuliza, na wewe? Akageukia barabara. Linah amejipinda, anapunga mkono, anaita mama, mama. Baba yake ameupa uwanja mgongo, ameshika waya wa ua kwa nyuma.

Gathii ananiita.

Bramwel bado hajageuka.