Wifi, Asali Ile Niliileta Mie

Wifi yangu Mwanahawa,

Leo ni arobaini yako. Wageni wameshakula wakaondoka, nami nimeketi uani kwako hapa Temeke nikuandikie kabla kaka yako hajarudi kutoka msikitini.

Wajua siku ya msiba niliwaaibisha? Mie Mnyamwezi, mtani wenu Wazaramo, nilitakiwa nijilaze mlangoni niwazuie wenye jeneza, nikutukane mpaka watu wacheke. Nilifika mlangoni nikalia tu. Shangazi yenu akaguna, “Mtani gani huyu?”

Hawakujua nilicholilia.

Siku ile daktari Mzungu alipokukataza sukari, ulirudi nyumbani ukaionja chai isiyo na sukari, ukasema, “Hii si chai, ni maji ya kusuuzia vikombe.” Nikakuonea huruma. Nikamwandikia baba yangu huko Sikonge, kopo la asali likaja kwa treni. “Hii ni ya nyuki, si ya dukani,” nikakuambia. “Kunywa.”

Ukanywa, wifi. Vijiko vitatu kila asubuhi. Na kabla jua halijapanda ulikuwa ushaanza kuzunguka jikoni: “Njaa gani hii, kama sijala?” Ukala mihogo, ukala na kiporo, na kiu haikukuacha.

Tulipopeleka mkojo wako zahanati, dresa, yule msaidizi wa daktari, aliuchemsha na ile dawa yake ya buluu, ukageuka rangi ya tofali. “Mama, umekula sukari?” Ukaapa hujaigusa, na kweli hukuigusa. Mie ndiye niliyeuliza, “Na asali je?”

Akaiweka chupa chini. “Asali, sukari guru, maji ya miwa, vyote vinaishia damuni mwake. Vinapanda upesi, halafu njaa inarudi.”

Njiani nililia hata kutembea nikashindwa. Wewe ukacheka: “Mnyamwezi, ulitaka kuniua urithi kanga zangu?” Na kaka yako alipouliza asali imetoka wapi, ukadakia, “Nimenunua mwenyewe sokoni.” Akakufokea wewe, mie nikanyamaza. Nilinyamaza, wifi.

Ndipo tukaanza kujaribu, wanawake wawili na chupa yetu. Kunde za kuchemsha asubuhi, ukafika adhuhuri hujaulizia chakula. Chungwa moja na nyama zake, si maji yake matupu, likakutuliza. Siku chupa ilipotoka kijani pale zahanati, sukari imepungua, ulipiga kigelegele, wagonjwa wote wakageuka. Tukala Idi tatu zaidi pamoja. Mwishowe kidonda cha mguu kisichopona ndicho kilichotushinda.

Jana nilimwambia kaka yako. “Asali ile niliileta mie.” Aliendelea kukunja kanzu yake, kisha akasema, “Nilijua tangu siku ile. Nani sokoni anauza asali kwenye kopo lenye mwandiko wa baba yako? Mwanahawa hakutaka nikuchukie. Na sikukuchukia.”

Halafu akaomba maji. Kata moja. Ya pili. Ya tatu.

Nilimtazama anavyokunywa, nikaikumbuka kiu yako. Anasema haumwi, anasema ni joto. Wifi, nakuahidi, Jumatatu nitamshika mkono mpaka zahanati, hata kama njia nzima atanitukana. Na safari hii nitauliza kwanza kabla sijamwonea mtu huruma.

Kwaheri, mtani wangu. Mungu akupumzishe vizuri. Anabisha hodi, naenda kumfungulia.

Wifi yako,
Kalunde