Inchi Nne za Gauni la Kifalme

Jumamosi, mwezi wa kumi na mbili. Mvua ya alfajiri ilikatika kama saa tatu, jua likatoka kali mara moja, na mpaka sasa jioni bati bado linatoa milio kwa joto. Nina alama za pini kuanzia kwapani hadi nyongani. Nimezitazama kwenye kioo kama mtu anayesoma ramani.

Haya nimeyaandika siku yalipotokea, lakini nimeyaweka hapa baadaye, baada ya mwenye siri kuniambia kuwa si siri tena na kwamba niandike tu. Majina nimeyabadilisha. Hata langu.

Mimi ni sanamu.

Maduka makubwa ya nguo yana sanamu za plastiki za kuvalishia magauni. Shangazi yangu, fundi cherehani hapa Kanyenye, mjini Tabora, hana. Ana mimi. Nilimaliza kidato cha nne mwezi uliopita, baba akanileta kutoka Goweko nimsaidie shangazi huku nasubiri matokeo. Wiki hiyohiyo shangazi alinizungushia futi kiunoni, akaangalia karatasi ya vipimo vya mteja, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Jene, Mungu mwenyewe kakuleta. Wewe na bibi harusi mmekatwa kwa mkasi mmoja."

Tangu siku hiyo nasimama juu ya stuli. Bibi harusi, Dada Adela, ni nesi Mwanza na anakuja siku moja tu kabla ya sendofu, sherehe ya kumuaga kwao. Kwa hiyo ninalivaa gauni lake kwa niaba yake. Saa mbili, saa tatu, mikono nimeinyanyua kama mtu aliyekamatwa. Shangazi ana pini mdomoni na anaongea kwa pua: "Usipumue." Nimezoea kutopumua. Hata shuleni nilikuwa najua jibu na sinyooshi mkono.

Mwenye gauni hasa ni mama yake Adela. Huyu mama anatoka ukoo wa kitemi, yaani wa watawala wa jadi wa huku. Utemi wenyewe uliisha kabla hajazaliwa, lakini anatembea kama vile umetoka kwenda dukani kununua chumvi na utarudi sasa hivi. Siku ya kwanza aliingia, wakasalimiana na shangazi Kinyamwezi, mwangaluka kwa mwangaluka, mimi nikapiga magoti nikamwamkia. Alinipa marahaba huku anatafuta kitu kwenye simu.

Ilikuwa picha ya harusi ya binti wa kifalme wa Ulaya, ya zamani sana. Mikono ya gauni imevimba kama mito ya kulalia. Mkia unateremka ngazi mpaka picha inaisha na mkia bado.

"Nataka hili," alisema. "Si linalofanana. Hili."

Kisha akatueleza kwa nini, na hapo nikashindwa kumchukia. Picha hiyo aliiona gazetini akiwa msichana, amechumbiwa. Zilikuwa zile siku ambazo maduka yalikuwa na rafu tu. Hakuna satini, hakuna lesi, hakuna hata kaniki. Aliolewa na gauni lililoshonwa kwa mapazia ya sebuleni kwa mama yake mdogo, mama Tedi. "Nilipokaa pale mbele," alisema, "wageni wawili walilitambua. Nikawasikia. 'Si lile pazia la kwa mama Tedi?'"

Alicheka. Shangazi naye akacheka. Lakini mama Adela aliishika ile simu vizuri mno, kama mtu anayeshika yai.

Amebeba gauni moja kichwani kwa karibu miaka arobaini. Sasa amempa Adela alivae, na Adela hayupo, kwa hiyo nimelivaa mimi.

Nakiri kitu: ninapenda akija. Wakianza na shangazi hawaishi. Shangazi huitoa albamu yake chini ya meza ya kukatia. Kwenye picha moja yuko studio, nywele mviringo kama kofia ya pikipiki, suruali ya bugaluu inafagia sakafu, viatu vya raizoni vimemwinua juu kuliko kaka yake, yaani baba yangu, aliyesimama pembeni na kola pana kama mbawa za kuku. Nyingine ana gauni la mabega makubwa, mkanda mpana, midomo imekolea rangi. "Mlango huu nilikuwa naingia kwa ubavu," husema. Mimi nasikiliza kutoka juu ya stuli. Nina miaka kumi na minane na ninazililia nguo ambazo sijawahi kuzivaa.

Kinachonishangaza ni kwamba hakuna anayetaja ufalme wa hapa. Mwaka jana tulipelekwa na shule makumbusho, tukaona picha ya mtemi wa zamani amevaa kibangwa, kile kipande cheupe cha kombe cha mviringo, kifuani. Mwalimu wa historia alituambia kombe lile lilitoka pwani mabegani mwa wapagazi, miezi mitatu njiani, pamoja na shanga na majora ya nguo, na kwamba misafara ilipita hapahapa tulipo. Nilitaka kuuliza nani aliyeamua kwamba gamba la mnyama wa baharini, mahali pasipo na bahari, ndilo litakuwa alama ya enzi. Nilitaka kujua hasa. Sikunyoosha mkono. Natamani nisome historia kidato cha tano, halafu zaidi ya hapo. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Nimeliandika humu kwa mara ya kwanza.

Kila mtu alipita Tabora akienda mahali. Mimi nimesimama juu ya stuli.

Siri ilinijia wiki mbili zilizopita. Kila jioni huwa namtumia Dada Adela picha za gauni lilipofikia. Jioni moja hakujibu kwa maandishi, alituma sauti. Aliongea polepole, kama anaongea amejifungia chumbani.

"Jene mdogo wangu, vile vipimo mama alivyonavyo ni vya mwaka jana. Mimi nina mimba ya miezi minne. Mchumba wangu anajua. Mama hajui, nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, nikija. Usimwambie mtu, hata shangazi yako. Nisaidie tu nisije nikakwama ndani ya hilo gauni mbele za watu."

Niliisikiliza mara tatu nikiwa nyuma ya pipa la maji. Niliandika: "Sawa dada." Ndiyo tabia yangu. Naahidi kwanza, natetemeka baadaye.

Shangazi ana desturi moja aliyotoka nayo kwenye zile siku za rafu tupu. Akikata nguo, huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa ubavuni, anakiita akiba. Zamani, anasema, gauni moja lilikuvusha usichana, ndoa na watoto watatu, ukinenepa unafumua ubavuni, unaachia, unashona upya. Siku hizi wateja hawataki. Wanataka nguo iwakamate. Kwa hiyo shangazi hukata na akiba kwa mazoea ya mkono, halafu mimi ndiye ninayeipunguza na kupiga ovaloki, kingo zisifumuke.

Safari hii sikupunguza. Niliikunja akiba ndani, nikaishikiza kwa mkono kwa uzi mwembamba, nikaipiga pasi mpaka ikalala. Inchi moja kila ubavu, mbele na nyuma. Jumla nne. Shangazi aliniuliza, "Umemaliza ubavuni?" nikasema ndiyo. Nilimdanganya. Usingizi wangu wa wiki mbili umekuwa wa kushtukashtuka.

Leo mama Adela alikuja kuliona kwa mara ya mwisho.

Nilikuwa juu ya stuli, mkia umetandazwa hadi mlangoni, kwenye mashuka yasiyo na vumbi. Mikono ya puto inanigusa masikio. Alisimama, akaziba mdomo kwa kiganja. Alinizunguka taratibu. Nikadhani amemaliza. Kisha akanishika kiunoni kwa vidole viwili, kama anayepima nyanya.

"Fundi, kaza hapa."

Shangazi akakaza. Pini moja, ya pili, ya tano.

"Kaza tena. Yule wa kwenye picha kiuno kama cha nyigu."

"Mama, mtoto huyu naye ana mapafu," shangazi alisema, lakini akakaza.

Mama Adela akapitisha kiganja ubavuni, akasimama. Akakipitisha tena. "Humu ndani kuna nini? Mbona pamenenepa?" Akaufunua mshono kwa ukucha, akaiona. "Kitambaa chote hiki cha nini? Ndicho kinachomnenepesha! Fundi, kata hiki sasa hivi nione linavyokaa."

Shangazi aliangalia ule mshono. Akaniangalia mimi. Aliona ule uzi wa mkono, na mkono wangu anaufahamu. Alichukua mkasi mkubwa mezani, kwa sababu mteja ameagiza na mteja yuko palepale.

Sijui niwaelezeje. Nikisema ukweli, namfichua Dada Adela. Nikinyamaza, mkasi unapita, na kitambaa kikishakatwa hakirudi. Wiki ijayo mtu mzima atakwama mbele ya ukumbi, mama yake anamtazama. Na kukimbia siwezi. Nimefungwa kwa pini pande zote, mkia wa mita nne, mtu akiukanyaga naanguka.

Nilisikia baridi ya mkasi kupitia kitambaa.

"Usikate."

Sauti ilitoka nyembamba, kama si yangu. Mama Adela aliinua uso. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniona nina uso.

"He! Fundi, sanamu lako linaongea?"

"Usikate, shangazi," nilisema tena. Machozi yalikuwa karibu. "Zamani mlikuwa mnaacha."

Nje mtu anaita wateja wa karanga. Shangazi alinitazama muda mrefu, mkasi umefunguka nusu. Kisha akaufunga. Akageuka kwa mteja na uso ambao sijawahi kuuona, uso wa mtu aliyekumbuka jambo kubwa.

"Mama, umesema unataka gauni la kifalme au la ukumbini?"

"Si nimekwambia, la kifalme."

"Basi la kifalme halikatwi akiba. Linarithishwa. Leo Adela, kesho mwanawe. Wewe ulivaa pazia kwa sababu hakuna aliyekuachia kitu. Mjukuu wako naye umwachie nini, vipande?"

Mama Adela alikaa kwenye benchi. Akaitazama akiba kama ndiyo kwanza anaiona. "Mjukuu wangu," alisema taratibu. Akafungua pochi, akatoa leso, akajifuta chini ya macho. "Iache. Na hizo pini legeza, huyu mtoto anageuka rangi."

Alipoondoka, shangazi alianza kunichomoa pini moja moja, akizirudisha kwenye kopo. Nilikuwa nimejiandaa kusemwa kwa kumdanganya. Alipofika ubavu wa kushoto akauliza, bila kuniangalia usoni:

"Inchi nne zinamtosha?"

Sikujibu. Niliahidi.

"Basi usiseme. Hiyo zipu ya nyuma tutaitoa, tuweke vitanzi na kamba. Kamba inafuata mwili, zipu haina huruma. Mama yake tutamwambia ndivyo wanavyofunga huko Ulaya kwenye majumba." Akatabasamu kidogo. "Mimi mwenyewe niliolewa na akiba imeachiwa yote. Baba yako hajui mpaka leo, na ole wako."

Tukacheka. Nilishuka kwenye stuli, miguu imekufa ganzi. Kwa dakika kama tano nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kanyenye.

Halafu akachukua simu, akampigia baba.

"Kaka, huyu mtoto usimtafutie kitu kingine. Nimefundisha wasichana tisa, hakuna aliyewahi kuniambia usikate. Ana jicho. Matokeo yaje yasije, huyu anabaki hapa, duka hili atalishika yeye." Sauti ya baba niliisikia kutoka Goweko, anacheka kwa raha, anashukuru. Atakuja Jumanne wazungumze vizuri. Shangazi alinikonyeza huku anaongea, kama mtu anayenipa zawadi.

Ni zawadi. Najua ni zawadi. Ananipenda, na leo amenitendea jambo ambalo sitalisahau.

Lakini nilihisi pini zinarudi, moja moja.

Nimekaa sasa kwenye ile benchi aliyokaa mama Adela. Gauni linaning'inia mlangoni bila mtu ndani, na limesimama vizuri tu. Namfikiria yule mama: hakumwambia mtu alichokitaka alipokuwa na umri kama wangu, akakibeba mpaka kikampata binti yake kiunoni. Sitaki kuwa na miaka sitini halafu nimvalishe mwanangu kidato cha tano.

Maneno niliyosema leo yalikuwa ya kumwokoa mtu mwingine, na yalitoka nikiwa nimebanwa hata pumzi sina. Jumanne baba atakaa hapa, shangazi pale, chai katikati. Nitakuwa chini sakafuni, nimevaa nguo zangu, napumua. Je, nitaweza kulisema tena neno lile, usikate, safari hii ubavu ukiwa wangu?