Mahali Aliposimama Msimulizi

Kaka Kirimi,

Ninakuandikia kwa Kiswahili, ingawa wewe na mimi tulizungumza Kimeru tangu utotoni, kwa sababu kosa langu kwako nililitenda kwa Kiswahili.

Imetimia miezi miwili tangu tukuzike Kiirua. Mama amehamia chumba chako, chenye dirisha linaloona lango. Hajaeleza sababu, nami sijauliza. Baridi iliunguza viazi vya shamba la chini. Ng'ombe wako bado anapiga teke ndoo ya kila anayejaribu kumkamua. Nami nimeacha rundo la insha katikati, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Nilikuwa nimewapa wanafunzi wa kidato cha nne hadithi yangu fupi, ile ya Sajini Baruti, mwanajeshi aliyerudi kutoka Somalia akiwa mzima wa mwili na mwenye nafsi iliyovunjika. Swali lilikuwa: jadili sifa za Sajini Baruti na mbinu alizotumia mwandishi kumsawiri. Msichana mmoja hodari aliandika: "Sajini Baruti ni mwoga. Tairi la lori linapopasuka sokoni, anajitupa mavumbini na kujificha huku umati ukimcheka." Nikatia alama ya vema. Kisha kalamu ikakataa. Jibu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa matini, na matini ilikuwa uongo wangu.

Niruhusu nieleze kwa utaratibu. Sijui namna nyingine ya kueleza.

Siku ile katika soko la Gakoromone tulikuwa watatu: wewe, mimi na Mama Nkatha, aliyeketi chini kwenye gunia akiuza maharagwe. Tairi lilipopasuka hukujificha. Ulimrukia yule mama ukamfunika kwa mwili wako mzima, viganja vyako juu ya kichwa chake, ukisema, "Usiinue kichwa, mama. Usiinue kichwa." Maharagwe yakamwagika. Watu wakacheka, mmoja akapaza sauti, "Wacheni mzee, amepata bibi sokoni!" Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwenu, kapu mkononi. Nilivigeukia vitunguu. Nilimuuliza muuzaji kama vimetoka Kiirua. Nilimuuliza mara mbili. Ulipoinuka ukanitafuta kwa macho, nilikuwa nimekupa kisogo.

Katika hadithi niliwafuta watu wawili. Mama Nkatha nilimfuta kwa hoja ya ufundi: hadithi fupi haivumilii mhusika wa ziada, na upweke wa mhusika mkuu ungepungua. Hoja hiyo ningeweza kuitetea mbele ya jopo lolote. Wa pili nilimfuta kimyakimya. Nilichagua msimulizi wa nafsi ya tatu, yule anayeona kila kitu, na wasomaji wakausifu utulivu wake. Hakuna aliyeuliza kwa nini nilihitaji utulivu huo. Msimulizi wa namna hiyo hana miguu. Huwezi kumuuliza alikuwa amesimama wapi. Mimi nilikuwa na miguu.

Mengine yote niliyachukua kwako: chai unayoinywa umesimama, kiti kinachotazama mlango, jinsi unavyohesabu watu kabla ya kuketi. Hata yule rafiki yako uliyemvuta kutoka kwenye gari lililolipuliwa, ambaye ulinisimulia habari zake mara moja tu tukipanda viazi, nilimfanya kisengerenyuma, nikamweka pale alipozidisha taharuki. Nilijivunia mahali pale. Nisamehe, nilijivunia sana.

Uliisoma hadithi barazani kwa Mama, asubuhi nzima, rula chini ya kila mstari. Ulipomaliza ulisema, "Umeandika vizuri. Lakini yule mama umemweka wapi?" Nikakujibu kwamba Baruti si wewe, kwamba mhusika ni kiumbe cha kubuni. Ukasema, "Kama si mimi, mbona amevaa koti langu?" Nilicheka. Ulingoja nimalize kucheka. Kisha ukasema, "Haya, mwalimu." Tangu siku hiyo hukuniita Kagendo tena.

Hadithi ilipoanza kusomwa shuleni, waendesha bodaboda wa Kiirua, ambao baadhi yao niliwafundisha mwenyewe, walikupa jina. "Baruti! Hiyo ni pancha, lala chini!" Ukaacha kupita stendi, ukawa unazunguka njia ya mtoni kwenda kanisani, wewe uliyekuwa tayari unahema. Mapafu yalipokushinda nilikuletea dawa, nikakuletea matunda. Neno moja ulilostahili sikukuletea.

Hata mazishini. Wasifu wako niliuandika mimi: sentensi safi, upatanisho wa kisarufi usio na dosari, na soko halimo. Nilipoketi, Mama Nkatha aliinuka akaomba kipaza sauti. Mfawidhi akamwambia, "Mama, dakika mbili tu, mvua iko karibu."

"Mvua ingoje," akasema, "hata mimi nimengoja. Huyu mtu alinifunika."

Watu wakacheka.

"Chekeni. Hata ile siku mlicheka. Mimi nilimtusi. Nikamwambia aokote maharagwe yangu yote, na akaokota, moja moja, mpaka yale ya chini ya lori."

Kicheko kikaisha. Nilikuwa mstari wa mbele. Hakunitaja, kwa kuwa hakujua kwamba palikuwa na mtu wa kutajwa.

Nimeiandika upya, kaka. Toleo jipya linaandaliwa, na la zamani nimeomba lisichapishwe tena. Msimulizi sasa ni dada mtu, mwenye kapu, na anasema "mimi". Kiufundi hadithi imepungua: upweke umetoboka, mwendo umekuwa mzito, na sauti ya msimulizi hainipendezi hata kidogo. Jumamosi nilimpelekea Mama Nkatha, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamsomea huku akichambua maharagwe. Nilipofika kwenye neno "akamwangusha", alinizuia kwa mkono.

"Hakuniangusha. Alinilaza. Mkono wake ulifika chini kabla ya kichwa changu."

Miaka ishirini ninafundisha vitenzi. Nilikuwa hatua nne, niliona kwa macho yangu, na bado kitenzi hicho nilikikosea. Nikafuta, nikaandika alivyosema. Kisha nikamwambia mwenye kapu ni nani.

Akatupa changarawe moja pembeni. "Na vitunguu ulinunua?"

Nikasema ndiyo.

"Haya. Sasa enda uwaambie watu wa kwenu. Mimi ni mtu wa soko tu, kwangu ni rahisi."

Alisema kweli. Kwake ilikuwa rahisi, na darasani itakuwa rahisi pia. Wanafunzi huona ungamo la mwalimu kuwa mbinu nyingine ya kufundisha. Jumapili hii, wakati wa matangazo, nitasimama katika kanisa la Kiirua nimweleze kila aliyewahi kukuita Baruti jina hilo lilitoka wapi, na nini kiliachwa nje. Hao nao watanisamehe upesi, kwa sababu nina cheo na wao wana haya.

Anayebaki ni Mama. Yeye anaamini kwamba siku ile ulikuwa sokoni peke yako. Ni mimi niliyemwambia hivyo. Mara nyingi amesema, nami nikisikia, "Laiti Kagendo angekuwa naye." Kila mara nilimwacha aseme.

Kwa hiyo nakuahidi hili, kaka, na si zaidi: kesho asubuhi nitaingia jikoni mwake kabla hajawasha moto, na nitamwambia kwamba nilikuwa nawe. Sitamweleza kwa nini kwanza. Nitaanza na tendo, nimwache anitazame anavyotaka, na sitaondoka mpaka aniondoe yeye.

Kwaheri, Kirimi. Pumzika kwa Mungu wako, ambaye hakuhitaji kusimuliwa.

Dada yako,
Kagendo